Nta ya Mama Signe

Sakafu ya ukumbi wa Tallerud iling'aa hata Signe Åkerblom akaona meno yake ndani yake. Siku tatu alikuwa amepiga magoti akiipaka nta, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu mashindano ya dunia ya mpira wa mikono yalikuwa yanakuja Uswidi, na mechi moja, ya Wadenmark na Waswisi, ilikuwa imepewa mji wao mdogo. Nani angekaribisha ulimwengu kwenye mbao zilizofifia?

Asubuhi hiyo shemeji yake Torsten, mwoka mikate, aliingia na mpira, akakimbia hatua tatu ili aurushe. Mpira ulibaki hewani. Torsten aliendelea na safari hadi ukutani, kama sabuni iliyoponyoka mkononi.

"Shemeji," alisema akiwa chali, "huu ni mpira wa mikono au wa makalio?"

Signe hakucheka. Bwana Malmsten, mkaguzi, alikuwa anafika kwa treni ya saa nne, na barua yake ilisema wazi: sakafu ikiteleza, mechi inahamia mji jirani wa Norrsjö. Signe ndiye aliyeandika barua kumi na moja kuiomba mechi ile. Watu wa Norrsjö wangemcheka mpaka azikwe, kisha wangemwekea kopo la nta kaburini.

"Nta inatoka kwa maji ya moto na magadi," alisema. "Lakini nitahitaji saa mbili na miguu mingi."

"Miguu nitakuletea. Wewe mpe mkaguzi kahawa na aina zote saba."

Signe akamtazama shemeji yake kwa heshima, jambo ambalo halikuwa la kila mwaka. Kwao, mgeni wa kahawa huandaliwa vitafunwa vya aina saba, na mwenye adabu huonja kila kimoja kwa zamu yake, mkate mtamu kwanza, keki ya krimu mwisho. Kuruka kimoja ni kumtukana mwoka.

Saa nne na robo Bwana Malmsten alikuwa amekaa chumba cha juu, kikombe mkononi.

"Nitaiona sakafu kwanza, bibi."

"Na kahawa ipoe?" Signe akamsogezea sahani.

Chini, watu arobaini waliloweka soksi zao za sufu kwenye ndoo za maji ya magadi, wakaanza kucheza dansi ya kuzunguka wawiliwawili, huku Torsten akivuta kodiani. Vikombe vikatetemeka.

"Kuna nini huko?" mkaguzi aliuliza kwenye aina ya tatu.

"Kwaya ya kanisa."

"Inakanyaga hivyo?"

"Wana imani kubwa. Hujaonja hiki cha lozi."

Kwenye aina ya tano alifungua kifungo cha koti. Kwenye ya sita aliomba huruma, Signe akamwambia kwamba ya saba aliioka mjane. Mjane mwenyewe alikuwa Signe. Mkaguzi akaila.

Waliposhuka, watu arobaini walisimama ukutani miguu mitupu, katika baridi ile ya Januari.

"Mbona hawana viatu?"

"Kwa heshima ya sakafu," alisema Torsten, jasho likimtiririka.

Bwana Malmsten alivaa raba zake, akakimbia, akafunga breki. Akasimama imara. Akarudia katikati, akasimama. Signe akaanza kupumua. Kisha mkaguzi akaelekea goli la mbali, ambako dansi haikuwahi kufika, na miguu yake ikamtangulia. Akakaa chini polepole, kwa uzito wa aina saba.

Signe aliiona Norrsjö yote ikitabasamu.

Mkaguzi aliinusa sakafu. Akainusa soksi moja iliyosahaulika hapo.

"Kipindi cha kwanza," aliuliza bila kuinuka, "golikipa wa upande huu ni wa nani?"

"Wa Wadenmark," alisema Signe.

Bwana Malmsten aliwaza kidogo. Alikuwa Mswidi, na Wadenmark walikuwa wamewafunga Waswidi mwaka uliopita. Akatoa kalamu, akasaini kibali cha mechi juu ya goti lake.

"Lakini uisugue, bibi. Mimi ni mtu wa haki."

Signe akaisugua jioni hiyohiyo, kwa magoti yaleyale, mpaka mbao zikalia kwa usafi. Karibu zote.