Kakakuona Hajachagua

Usingizi unamnasa Nyamizi mchana kweupe, amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, mgongo ukutani na mikono yote miwili juu ya tenga, na ndani ya tenga yumo kakakuona. Asilale, ndiyo kazi aliyopewa. Mjomba wake Kasonta amemwambia, mwanangu, wewe ndiye uliyemwona shambani, kwa hiyo ni mgeni wako, mlinde mpaka jua lipoe tuje tumuulize tena. Tena! Wamemuuliza Ijumaa, wakamuuliza Jumamosi, jana wakamuuliza huku ngoma zinalia na watoto wanamtomasa magamba kwa vijiti. Desturi yenyewe haina ugumu: kakakuona akitokea kijijini huwekewa maji, mtama, jembe na mkuki, akiyaendea maji mwaka ni wa mvua, akiuendea mkuki ni wa vita, kisha anarudishwa porini kwa heshima zake, basi, kwisha maneno. Lakini huyu kila akifunguliwa anapita katikati ya vitu vyote bila hata kuvinusa, anaelekea kilimani kwenye vile vijiti viwili vitatu vya miti vilivyobaki, na watu wanamrudisha kwa kumvuta mkia. Hajachagua, anasema mwenyekiti Lugembe, ambaye tumbaku yake inanyauka na subira imemwishia, hajachagua, na haondoki hapa mpaka aseme. Nyamizi ameomba bwana wanyamapori aitwe, akaambiwa kesho. Amesema jamani mnyama huyu anakula mchwa na siafu, si uji wa mtama, akaambiwa njaa ikimshika atakula tu. Na kinachomuuma Nyamizi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepiga kelele siku ile shambani, kwa furaha, njooni, njooni mwone baraka! Angenyamaza tu. Kope zinakutana, na kizingiti cha nyumba yake, kile anachokivuka kila siku bila kukitazama, kinaanza kurefuka, kinarefuka mpaka kinakuwa barabara.

Anaishika barabara hiyo, tenga kichwani. Hajiulizi amefikaje, anajua tu kwamba mbele kuna msitu, na akiufikia kabla jua halijapoa atamfungua mgeni wake aende zake, na hao wa ngoma watakuta tenga tupu, watukane watakavyo. Anatembea. Kulia tumbaku, kushoto tumbaku, majani mapana yamekaa kimya bila upepo, na barabara inapinda na kumrudisha mlangoni kwake mwenyewe, kigoda kile pale, naye hayupo juu yake. Anapita. Anatembea tena, tumbaku kulia, tumbaku kushoto, na mlango wake huu hapa tena, ila safari hii kivuli cha nyumba kimerefuka. Jambo moja linampa moyo: tenga linapungua uzito. Lilikuwa linamwelemea shingo, sasa analibeba kama tenga la pamba. Nakaribia, anajiambia, mnyama amesikia harufu ya nyumbani kwao, ndiyo maana amekuwa mwepesi.

Mbele yake anatokea mwanamke aliyejitwika mzigo wa kuni, anatembea kinyumenyume, na anapogeuza kichwa Nyamizi anaona hana uso, pale penye uso ni laini tupu, kama tako la chungu kipya. Nyamizi anaogopa, lakini adabu ni adabu. Shikamoo mama, anasema. Marahaba, anajibu yule, na sauti inatoka kwenye kuni. Naomba unielekeze msituni. Msitu gani? Msitu, mama, wenye miti ya mininga na mitundu, wenye vichuguu, alikotoka huyu. Alikotoka ndiko unakotoka wewe, anasema yule mwanamke, ulipomkuta palikuwa msitu. Nilimkuta shambani kwangu, kwenye tumbaku. Ndiyo hivyo, nawe unaniuliza nini? Nyamizi anakasirika sasa, hofu yote imemtoka. Mama, mimi sina muda wa mafumbo, jua linapoa! Haya, anasema asiye na uso, nyumba yangu haina mlango, nikifunga nimejifungia na mimi, wanaobisha ni wengi, anayeniuliza nakula nini ni mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyewaita wanaobisha, tegua. Nyamizi hategui, anajua mno jibu lake, amelibeba kichwani. Anainama chini na tenga lake, na yule mwanamke anapita akirudi nyuma, na kuni zile zinadondosha majani mabichi njiani, kumbe hazikuwa kavu, kumbe zimekatwa sasa hivi.

Barabara inamwingiza katika mji wa mabani, yale majumba marefu ya udongo ya kukaushia tumbaku, mistari kwa mistari, moshi unatoka kwenye kila paa, na kila bani mlango wake ni kioo. Ndani ya kioo cha kwanza, ajabu, kuna msitu. Mininga imesimama kwa utulivu wake, pofu, wale swala wakubwa, wanakula majani, nyuki wanaingia na kutoka kwenye tundu la mti, na chini kabisa, kwenye kichuguu, kakakuona mdogo amempanda mama yake mgongoni, anashikilia mkia. Nyamizi anacheka peke yake kwa furaha, anatua tenga, anasukuma mlango. Ni kioo, kina joto la moto ulio nyuma yake. Anakimbilia wa pili, msitu ule ule, pofu wamepungua. Wa tatu, nyuki hawapo. Anapiga ngumi, anaita hodi, hodi wenyewe, na yule mwanamke wa kuni yuko kando yake, sasa wamekuwa wengi, wote na kuni, wote laini usoni. Tufungulieni jamani, anasema Nyamizi, mnyama wangu atakufa. Wanasema kwa sauti moja, tungefungua, lakini mlango wenyewe ndio tuliouchoma. Basi nimpeleke wapi? Tenga lina uzito gani? wanamuuliza. Jepesi, anasema kwa fahari, jepesi sana, tumeshakaribia. Wanainama wote, kama watu waliofika kwenye msiba, na Nyamizi anatazama tenga, anapiga magoti kulifungua.

Mwanangu, we mwanangu, umelala? Ni Kasonta anamtikisa bega. Nyamizi anashtuka, kigoda chini yake, ukuta mgongoni, jua limepoa na nyuma ya mjomba wake uwanja umejaa watu, ngoma zimeanza, maji yameshawekwa, na mtama, na jembe, na mkuki. Anaingiza mkono kwenye tenga upesi. Kakakuona yumo, amejikunja, mkia umefunika kichwa, mzito kama siku alipomwokota. Afadhali, ilikuwa ndoto. Anapapasa kati ya magamba, pale chini penye ngozi, pale panapopanda na kushuka. Pamepoa. Hapapandi, hapashuki. Ngojeni, anasema, mjomba ngojeni kidogo, lakini Lugembe ameshalichukua tenga, ameshamtua mnyama katikati ya uwanja, na ngoma zinanyamaza ili asisumbuliwe.

Watu wanasubiri. Haendi kwenye maji. Haendi kwenye mkuki, wala kilimani safari hii. Mara anatoka mtu mmoja na sauti ya shangwe, ametulia! Jamani hamwoni, ametulia, leo hakimbii, mwaka ni wa utulivu! Na vigelegele vinapasuka uwanja mzima, Lugembe anarusha kofia juu, wanawake wanaimba, na Nyamizi anapiga kelele, amekufa, mmemuua, amekufa! Lakini ni sauti ile ile aliyopiga shambani, na watu wanaipokea kama walivyoipokea siku ile, kwa kucheza. Anageuka kutafuta uso mmoja tu utakaomsikia. Jua la jioni liko nyuma yao wote, na pale penye nyuso anaona kivuli kitupu, laini, na kwenye vichwa vya wanawake waliotoka kilimani kuna mizigo ya kuni mbichi. Nyamizi anajifinya mkono ili aamke. Anajifinya tena, kwa nguvu, na mara zote mbili anaumia.