Kompyuta Zilizogoma Siku ya Harusi

Dzifa Agbeko alibonyeza kitufe cha kutuma Ijumaa asubuhi, akanyoosha mgongo, akashuka chini kununua kenke, donge la unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga. Sasisho alilotuma kwenye kompyuta za wateja lilikuwa dogo tu, na alikuwa amelijaribu kwenye kompyuta zote za ofisini bila tatizo. Kampuni yao pale Accra iliuza programu ya kulinda kompyuta dhidi ya virusi, na wateja walikuwa wametapakaa kuanzia Tema hadi Takoradi: zahanati, maduka ya dawa, vituo vya mafuta, nyumba za wageni, hata ofisi za serikali.

Aliporudi na kifurushi chake, simu za ofisi zilikuwa zikilia zote kwa mpigo.

"Inawaka, inazima," alisema Selasi, mwenzake wa meza ya pili, kabana simu kwenye kila sikio. "Inawaka, inazima. Kila anayepiga anaimba wimbo huohuo. Dzifa, umetuma nini?"

Kenke ilipoa mezani bila kuguswa. Haikumchukua Dzifa muda kuliona kosa lake: mstari mmoja kwenye faili aliuacha mtupu. Programu ikifika pale inashtuka na kuiangusha kompyuta nzima. Kompyuta ikiamka, programu inaamka nayo na kushtuka upya. Kompyuta mpya za ofisini ziliuruka mstari ule kama mtoto anayeruka dimbwi. Za wateja, ambazo nyingi zilikuwa kongwe, zilitumbukia nzimanzima. Tena kompyuta isiyowaka haipokei dawa kwa mtandao. Sharti mtu aende, akae mbele yake, aifute faili ile kwa mkono wake, kisha aende kwa nyingine.

Akaingia kwa Bwana Okine, mkuu wao, mtu mnene aliyetoka jasho hata kwenye kiyoyozi.

"Bosi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Jina lako limeandikwa palepale kwenye faili."

"Nitaandika barua ya kuacha kazi."

"Utaandika Jumatatu. Leo sina mtu wa kupoteza. Hata mhasibu nimemvalisha kofia ya pikipiki nikamtuma Tema. Wewe nenda Teshie, ofisi ya kusajili ndoa. Kuna watu wanataka kuoana, kompyuta imegoma."

Dzifa akadandia pikipiki ya kukodi. Kwenye makutano ya pili alisikia mwanamke akimwambia mwenzake kwamba benki imefungwa, na kwamba huyo aliyefanya mambo haya na ajaliwe kuwashwa mwili mzima asipate pa kujikunia. Dzifa akajikuna shingo bila kutaka.

Ukumbi wa ofisi ile ulikuwa umejaa watu na vitambaa vya sherehe. Kulikuwa na jozi tatu za maharusi wakisubiri zamu, na jamaa zao wakijipepea kwa chochote kilichopatikana. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Atswei, msichana mrefu aliyevaa gauni jeupe, na pembeni yake Ebo, mchumba wake, suti imeanza kumganda mgongoni. Nyuma yao alikaa shangazi yake Atswei, Bibi Dedei, mama wa kilemba kikubwa na sauti iliyokizidi kilemba.

Dzifa akaingia mbio, anahema, kavaa blauzi nyeupe.

"Na huyu je?" Shangazi akasimama. "Ebo! Huyu mwenye nyeupe anamkimbilia nani hapa? Unamjua?"

"Shangazi, simjui! Naapa!"

"Wote huanza hivyohivyo."

Ukumbi ukaangua kicheko, Atswei mwenyewe akicheka huku akimkazia Ebo macho ya nusu mzaha.

"Mimi ni fundi wa kompyuta," Dzifa akasema haraka.

Hapo wakamshangilia kama mtu aliyeleta maji jangwani. Mzee Lamptey, msajili, mwenye tai fupi iliyoishia juu ya kitambi, akamshika mkono akamwongoza hadi kwenye meza yake. "Nina sauti, nina miwani, nina maneno yote kichwani," akalalamika. "Lakini cheti na namba vimo humo ndani. Bila namba, mimi ni mzee tu anayesoma kwa sauti."

Skrini ikawaka, ikazima.

"Lakini mwanangu," Shangazi akauliza, kashamsimamia begani, "huyo mpumbavu aliyeharibu kompyuta za nchi nzima mmeshamkamata?"

"Atakuwa mlevi," mtu akasema.

"Atakuwa ameachwa na mpenzi," akadakia mwingine. "Ndiyo maana kachagua Ijumaa, siku ya harusi."

Dzifa alikuwa ameinamia kibodi. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini alimwona Atswei anavyopangusa jasho kwa ncha ya kidole, taratibu, asiharibu rangi aliyopakwa tangu alfajiri, na maneno yakamtoka.

"Ni mimi. Nimeacha mstari mmoja mtupu. Sikunywa wala sikuachwa. Nisameheni."

Waliokuwa wakijipepea wakaacha. Atswei akamtazama Dzifa kuanzia viatu hadi nywele.

"Unaweza kuitengeneza?" akauliza.

"Naweza."

"Basi itengeneze. Kugombana tutagombana nikishaolewa."

Shangazi akavuta pumzi ndefu. "Angalau ana ulimi wa kweli," akasema. "Kaa vizuri, mpumbavu wangu. Unataka maji?"

Kompyuta ile ilikuwa imefungwa kwa ufunguo wa tarakimu arobaini na nane, na ufunguo alikuwa nao Selasi makao makuu. Ndani ya kuta zile nene simu ya Dzifa haikushika mtandao hata kidogo. Mahali pekee uliposhika palikuwa nje, chini ya ngazi, karibu na muuza juisi ya sobolo. Dzifa hakuweza kuwa nje na ndani kwa wakati mmoja.

"Nipe simu," Ebo akasema, akavua koti. Yeye akasimama kule nje, Atswei akasimama mlangoni, na Dzifa akakaa mezani. Selasi akawa anamsomea Ebo, Ebo akapaza sauti, Atswei akaipokea na kuitupa ndani.

"Nne! Moja! Sita!"

"Nne, moja, sita!"

Haikuchukua muda ukumbi mzima ukawa unaitikia kila tarakimu kama kanisani. Wazee wakapiga makofi. Mtoto mmoja akaanza kucheza. Walipofika mwisho, Dzifa akabonyeza, na skrini ikajibu kwamba ufunguo si sahihi.

"Kuna mahali mmekosea," akasema.

"Mimi nimesema nilichosikia!" Ebo akafoka kutoka nje.

"Pale mwishoni ulisema sita!" Atswei akamjibu.

"Nilisema saba! Wewe husikii?"

"Wewe ndiye usiyetafuna maneno, unayameza!"

"Haya!" Shangazi akapiga kofi moja. "Ndoa haijafungwa na hawasikilizani! Mzee Lamptey, tuwaandikie talaka kabisa ili tuokoe muda?"

Kicheko kikawashinda wote, hata Ebo, aliyelazimika kushika ukuta. Wakaanza upya. Safari hii Ebo alitamka kila tarakimu polepole, na Atswei aliirudia kwake kwanza kabla ya kuipeleka ndani. Dzifa akabonyeza. Ufunguo ukakubali. Akaitafuta faili, akaifuta, akaiwasha kompyuta tena, na watu wote wakabana pumzi mpaka picha ya bendera ikatokea na kutulia.

Vigelegele vilivyopigwa vilimtoa muuza sobolo mezani kwake.

Mzee Lamptey hakupoteza muda. Akaweka miwani sawa, akawaita Atswei na Ebo mbele, akauliza mashahidi wako wapi. Shangazi akajitokeza. Wa pili alikuwa Jojo, rafiki wa Ebo, na Jojo hakuwepo. Ebo akatoka mbio kumpigia, akarudi akijikuna kichwa.

"Kakwama kwenye kituo cha mafuta, njia panda ya pili. Gari imekauka mafuta, na pampu hazifanyi kazi. Kompyuta zao zimekufa."

Macho yote yakamgeukia Dzifa.

"Umetunyang'anya shahidi," Atswei akasema, na safari hii alikuwa anatabasamu waziwazi. "Njoo usimame hapa."

Dzifa akasimama upande wa Ebo na jasho lake, akasikia viapo, akatia saini. Shangazi akamkumbatia hadi kilemba kikapinda. Hawakumwacha aondoke bila chombo cha wali wa jolof chenye mapaja mawili ya kuku.

Kituo cha mafuta kilikuwa kwenye orodha yake vilevile. Alimkuta kijana wa suti ya buluu kakalia boneti ya gari, uso umemshuka.

"Wewe ndiye Jojo?"

"Ndiyo. Na wewe?"

"Mimi ndiye shahidi uliyetakiwa uwe wewe," Dzifa akasema, akamkabidhi paja moja la kuku. "Wameshaoana. Kula, nikufungulie pampu, uwahi kucheza."

Akaingia kibandani, akakunja mikono ya blauzi, akampigia Selasi aanze kusoma tarakimu.