Siku ya Kulindana

Mtaa ule ulikuwa na vyama viwili, Mwavuli na Kengele, na busara moja tu ya uchaguzi: kura ya huyu na kura ya yule zikikutana zinauana, sasa kwa nini watu wazima wakasimame juani kwenda kuziua? Basi kila mtu wa Mwavuli alitafutiwa mwenzake wa Kengele, na siku ya kupiga kura wawili hao walikaa nyumba moja kutwa, wakilindana asichomoke mmoja. Kuaminiana hakukuwepo. Mtu alisindikizwa mpaka mlango wa choo.

Wagombea hawakujua lolote. Walikuja na fulana na spika za kupasua masikio, wakashangiliwa na kila mtu, wakaondoka wakijihesabia ushindi, masikini ya Mungu. Jioni wasimamizi wa kituo walifungua sanduku wakakuta karatasi chache kuliko wao wenyewe.

Bi Mshono, fundi cherehani na Mwavuli wa kufa na kuzikana, alipangwa tangu zamani pamoja na Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, Kengele mbishi asiyeambilika. Yeye mjane, Kinyozi naye alifiwa na mkewe. Kila siku ya uchaguzi Kinyozi alikuja na redio yake na mdomo wake, akakaa kwenye kiti cha wateja karibu na pasi, akaitukana Mwavuli mpaka jasho likamtoka. Bi Mshono aliitukana Kengele mguu ukiwa kwenye pedali, na akizidiwa hoja alikanyaga kwa nguvu ili mlio wa cherehani ummeze jamaa. Mchana Kinyozi alipitiwa na usingizi mdomo wazi, na Bi Mshono akaacha kushona asije akamwamsha.

Tuseme ukweli, aliipenda siku ile kuliko sikukuu zote. Kila uchaguzi alijishonea gauni jipya, na akiulizwa alisema ni la mteja aliyeingia mitini.

Uchaguzi huu ulipobakiza wiki moja, Kinyozi akaingia na kofia ya Mwavuli kichwani, anatabasamu kama mtu aliyeleta posa.

"Haya, nimehama," akasema. "Umenisema miaka yote, leo umeshinda."

Bi Mshono akatoa pini mdomoni. "Umehama kwenda wapi?"

"Kwenu. Sasa hatugombani tena."

Bi Mshono alimtazama, na moyo ukamshuka mpaka kwenye ndara. Mwavuli wawili hawauani kura. Hawana cha kulindana.

"Umemwambia mwenye kibanda?" Huyo alikuwa mchaji simu wa pembeni, ambaye ndiye aliyewapanga watu wawili wawili, kwa kuwa kila mtu alipita kwake.

"Nimemwambia. Wewe kakupa yule muuza mkaa aliyehamia juzi. Mimi kanipa mgeni mwingine, yule mama mwenye duka la dawa." Kisha, mjinga wa watu, akidhani anatoa habari njema, akaongeza, "Ana feni."

"Nenda basi kwenye feni," Bi Mshono akasema, akarudisha pini mdomoni.

Siku zile alishona mikono ya mashati kinyumenyume na kuunguza suruali ya harusi ya watu. Aliona wivu, na alimwonea wivu mwanamke ambaye kosa lake lilikuwa kununua feni. Zaidi alijikasirikia mwenyewe. Wapiga debe wa Mwavuli wamezunguka nchi nzima bila kumgeuza mtu, yeye kwa domo lake amemgeuza yule mmoja asiyetakiwa kugeuka.

Ilipobaki siku moja alikwenda kwenye ofisi ya Kengele, chumba cha meza moja na bendera. Katibu alikuwa hajapokea mwanachama mpya tangu kampeni zianze. Alifuta kiti kwa mkono wa shati lake.

"Mama, umevutiwa na sera gani?"

"Mnazo ngapi?"

"Saba."

"Hizo hizo."

Alipotoka akapitia kibandani. "Mimi ni Kengele sasa. Nirudishe kwa Kinyozi."

Mwenye kibanda akashika kichwa. "Na muuza mkaa je? Na mama wa dawa? Wote wawili ni Kengele, sasa nitawapeleka wapi?"

"Wakapige kura," Bi Mshono akasema. "Ni haki yao."

Asubuhi ya uchaguzi alibisha mlango wa Kinyozi akiwa na gauni jipya, kofia ya Kengele imekaa upande, na furushi kwapani. Kinyozi alifungua akiwa ameshanyoa ndevu, tayari kwenda kwa mama wa dawa. Akaitazama kofia.

"Kengele huipendi wewe."

"Siipendi hata leo. Ni genge la wezi."

"Mimi nilihama ili usinigombeze tena."

"Nani alikwambia nimechoka kukugombeza?"

Kinyozi akatazama gauni, akatazama furushi, akabaki ameshika mlango.

"Sogea nipite," Bi Mshono akasema. "Nimekuja kukulinda, na jioni sirudi."