Mfalme Aliyekwama Jukwaani

Jana mchana, tumbo limejaa wali na samaki wa kupaka, nilijinyoosha kwenye kitanda cha kamba nyuma ya nyumba yetu Mambrui, nikaota niko London naezeka paa la jumba la michezo ya kuigiza liitwalo Globe. Mwaka ulikuwa 1613. Hilo halikunishangaza. Mimi Shebwana Kitole nimeezeka mahoteli ya pwani miaka ishirini na sita, na fundi wa kweli huitwa popote.

Jumba lile ni la mbao, la mviringo, katikati wazi kama ua. Wenye nazo wameketi ghorofani, chini ya paa langu la matete. Walalahoi wamesimama uani, kiingilio peni moja kila mtu, wanatafuna njugu. Mvua ikinyesha, inawanyeshea wao tu.

"Paa halivuji," nikajisifu.

"Halivuji," ikakubali nguzo niliyokuwa nimeiegemea. "Ila usinilalie hivyo. Mimi mzee."

Ikanisimulia maisha yake bila kuombwa. Ilianzia ng'ambo ya mto, kwenye jumba jingine. Mwenye kiwanja akasema mkataba umekwisha na ardhi ni yake. Waigizaji hawakumbishia. Siku za Krismasi alipokwenda shamba, walibomoa jumba zima, wakavusha mbao zote mto, wakamwachia ardhi yake, hata konzi ya udongo hawakuchukua.

"Aliporudi je?" nikauliza.

"Aliikuta ardhi yake."

Nikatazama chini, na kumbe nimesimama jukwaani. Mtu ananitia karatasi mkononi. Ndivyo walivyofanya kazi wale: kunakili mchezo mzima kwa kila mtu ni taabu, kwa hiyo mwigizaji alipewa maneno yake peke yake, pamoja na maneno ya mwisho ya mwenzake ili ajue zamu yake imefika. Mimi nilitakiwa kungoja mfalme aseme "nani atanipeleka nyumbani?" Hapo nijibu: "Bwana, farasi wako tayari mlangoni." Chini yake pameandikwa: Anatoka.

"Usijaribu kusema kingine," nguzo ikanionya. "Hapa ukishapewa karatasi, mdomo ni wa karatasi. Na miguu pia."

Mfalme anaingia na karatasi ndefu kama mkeka. Kwa heshima yake mzinga unapigwa kule juu. Kipande cha tambara kinachowaka kinaruka kutoka mzingani na kutua kwenye matete yangu.

"Fundi," paa likaniita kwa upole, "nasikia joto kidogo."

Nafungua mdomo nipige kelele za moto. Hakitoki kitu. Nimeachama kama samaki chewa. Watu wanauona moshi, wanadhani ni sehemu ya mchezo, wanapiga makofi. Ni zaidi ya watu elfu mbili, na milango ni miwili tu. Niliogopa, sifichi. Paa lile lilikuwa la mkono wangu, na sikukubali limuue mtu.

Mfalme alikuwa anasifu babu zake mmoja mmoja. Alikuwa kwa babu wa pili, na walikuwa kumi na wanne. Nikampokonya karatasi, nikatoa kisu changu cha kukatia kamba, nikakata juu, nikakata chini, vipande vikaanguka, nikambakizia mstari mmoja.

"Babu yangu wa pili alikuwa nani atanipeleka nyumbani?" akasema mfalme bila kupepesa macho.

"Bwana!" nikanguruma. "Farasi wako tayari mlangoni!"

Ua mzima ukageuka kutazama milango.

"Farasi wa kweli?" akauliza mama mmoja mwenye jagi la pombe. "Humu hawajatuonyesha farasi hata siku moja! Twendeni, tumelipa!"

Wakamiminika kwa milango yote miwili. Wenye nazo nao wakashuka, wakisukumana kuliko walalahoi.

Tukabaki wawili, na moto umeshalizunguka paa. Mfalme hasogei. Ndevu zake za bandia, nyekundu, za mkia wa ng'ombe, zinabanduka kwa joto, na machozi yanamtoka. Ananionyesha kile kipande chake.

"Hakina neno 'anatoka'," nguzo ikasema. "Umelikata."

Nilijiona mjinga wa mwisho. Nikapiga magoti kuwapekua wale babu sakafuni kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeikumbatia nguzo, maana karatasi yangu nayo imesema nitoke, na miguu inanivuta nje kwa nguvu zote. Babu wa tano, siye. Babu wa tisa, siye. Chini kabisa, pembeni, nikaliona neno lenyewe. Nikamrushia.

"Niachie sasa," ikasema nguzo.

"Utaungua!"

"Nilishabomolewa, sikufa. Mwakani watanijenga tena, kwa vigae. Watakuja watu wa dini watanifunga, kisha nibomolewe. Miaka mia tatu hamsini na kitu ikipita, watanisimamisha hapa jirani, tena kwa paa la matete."

"Ataezeka nani?"

"Niachie, fundi!"

Nikaachia. Miguu ikanitoa mbio. Nje hakuna farasi, wala hakuna anayelalamika; jumba linaloungua linawatosha. Namtafuta mfalme katika nyuso zote, simwoni. Paa linaanguka. Moyo unaniuma, na nyuma ya suruali pananiunguza. Mtu ananimwagia kitu cha baridi kwa nyuma. Nageuka nimwone.

Mke wangu Mwanasiti alikuwa amesimama kando ya kitanda.

"Baba Nasra, suruali ina tundu la moto matakoni. Na inanuka pombe. Tangu lini wewe?"

Nikapapasa. Imelowa chapachapa, na kwenye lile tundu umenata unywele mmoja mrefu, mwekundu, mgumu, wa mkia wa ng'ombe. Nilicheka mpaka nikalia.

"Ametoka," nikamwambia.

"Nani?"

"Mfalme. Kanimwagia yeye mwenyewe."