Usingizi wa Mama Siku ya Krismasi

Habari za mwili wa binadamu niulizeni mimi. Kijiji chetu kizima cha Kituntu hakuna wa kunifikia: Biolojia ya kidato cha nne nilipata B, na mchoro wangu wa figo mwalimu aliubandika ukutani hadi mchwa wakaufaidi.

Kwa hiyo Novemba, mama alipoanza kuamka shuka zimelowa jasho, nikatoa hukumu: malaria. Nikampeleka zahanati, njia nzima nikimfundisha kazi za mbu. Nesi Anatolia akampima, hakukuta kitu. Akamuuliza mama maswali mawili matatu kwa sauti ya chini, kisha akanitazama kama mbuzi aliyeingia kanisani. Alisema mama anaelekea kukoma hedhi. Joto la ghafla, usingizi wa mang'amung'amu, hasira za kupita, yote ni ya kipindi hicho. Apunguze kahawa, pombe na pilipili, asubuhi atembee, akae penye ubaridi, na usingizi ukimjia mchana asiufukuze. Yakizidi arudi, dawa zipo.

Ushauri mzuri, ila nesi hakuitia Krismasi kwenye hesabu. Wala shangazi Kokushubira.

Kwetu mgeni hupewa akamwani, kahawa iliyochemshwa na maganda yake ikakaushwa, ya kutafuna. Mwenye nyumba hutafuna pamoja naye. Asipotafuna, ni kama amemwonyesha njia ya kurudia. Krismasi iliyopita, kabla hatujajua ni nini, joto lilimpanda mama katikati ya maongezi. Akatema kahawa, akatoka nje bila kuaga. Shangazi, dada yake baba, akarudi kwake Muleba na neno moja, akaugawia ukoo wote: wifi yangu anaringa.

"Akiniona hivyo tena, Joanitha," mama aliniambia, "sitakuwa na uso kwa watu wa baba yako."

Nikasema basi amweleze shangazi ukweli. Akanijibu kwamba mambo ya nguoni hayaanikwi sebuleni. Nikamwambia aniachie mimi.

Krismasi ikafika. Tulipotoka ibadani shangazi alikuwa ameshakaa sebuleni, akaitikia shikamoo zetu, kahawa ikaletwa. Mama alichota punje zake, akazipitisha chini ya kitenge hadi kiganjani mwangu huku mdomo wake ukicheza kama wa sungura. Nikatafuna za kwangu na za kwake, moyo ukanipiga ngoma ya harusi. Shangazi akatabasamu. Nikajiona waziri.

Lakini jikoni chungu cha ndizi kilikuwa kinatoa mvuke kama treni. Mama alipokifunika kwa majani ya mgomba uso wake uliwaka, shingo ikang'aa jasho. Wiki nzima alikuwa hajalala vizuri. Nikachukua mkeka, nikamshika mkono, tukapitia mlango wa nyuma hadi kibanjani, kwenye migomba.

Kibanja chetu mchana huwa na rangi ya maji ya kisima. Mwanga hupenya jani, ukapenya jani jingine, na unapofika chini umeshachoka. Mvua ya asubuhi ilikuwa bado inadondoka migombani, tone moja moja, kana kwamba inakumbuka. Nikatandika mkeka juu ya majani makavu. Mama akajinyoosha, akashusha pumzi ndefu, akazama. Sauti za kwaya zilitufikia vipande vipande kama zinavuka ziwa. Nikamwona uso unalegea, unalegea, hadi akawa msichana nisiyewahi kukutana naye, labda ndiye aliyekuja nyumba hii na sanduku lake kabla sijawa wazo la mtu. Nilitamani kumuuliza jina. Migomba nayo iliinama kumtazama, au ni mimi niliyekuwa nayumba.

Kisha nikasikia harufu ya kuungua, nikakimbia.

Nilikuwa namimina maji chunguni shangazi alipoingia jikoni, mabega wazi, akauliza wifi yake yuko wapi. Nikasema ameenda kwa Benadeta, ng'ambo ya kilima, kuazima sahani. Mbona anachelewa? Nikasema amekuta ng'ombe wa Benadeta anazaa, wanaume wote wako kwenye pombe ya rubisi, mama ndiye aliyeshika miguu ya ndama.

"Ndama wa rangi gani?"

"Mwekundu, shangazi. Ana baka jeupe kwenye paji la uso."

Shangazi akavuta kigoda, akaketi, akapunguza kuni motoni bila haraka.

"Mimi yalinikuta kwenye harusi ya Gosbert wangu," akasema. "Nilimwacha bibi harusi amepiga magoti, nikaenda kusimama kwenye mvua. Na mwaka jana nikamsema mwenzangu." Akachungulia chunguni. "Nitawaambia wote kwamba nilikosea. Chakula nitapakua mimi."

Nikafungua mdomo kuendelea na habari za ng'ombe.

"Taratibu, Joanitha, utamwamsha huyo ndama. Nimetoka kumfunika kanga yangu."