Niulizeni Leo

Mie nilimtaka Bi Kidawa yule yule. Watu wa Temeke waliposikia walinijia juu. "Siwema, una akili kweli? Si ndiye aliyemzalisha dada yako?" Ndiye. Dada yangu Mwanaheri alifia mikononi mwake, na mtoto tumboni, na ndiyo maana nilimtaka yeye, si mwingine.

Asiyejua mambo yetu nimweleze. Miaka ile Waingereza walipopata Malkia mpya, uchungu wa mwanamke ukichelewa, mtaani kwetu kulikuwa na swali moja. Mkunga anakuinamia sikioni: "Mtaje." Yaani mtaje mwanamume uliyetoka naye nje ya ndoa, ili mtoto apate njia. Wengi walitaja. Wengine walitaja hata jina la muuza samaki, ilimradi waachwe wapumue, na talaka zikawakuta bado wamelala kitandani. Dada yangu hakuwa na mtu wa kumtaja. Akaulizwa, akaulizwa tena, akafa. Basi Temeke nzima ikasema kafa na siri yake. Tangu hapo mama yangu akienda harusini anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili asisikie wanavyonong'ona. Wallahi nilikuwa na hasira, na sijapoa mpaka leo.

Tumbo langu lilipofika mwezi wa saba, nikajifunga kanga nikaenda kwa Bi Kidawa. Nilimkuta uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto kageuka?" Hata usoni hakunitazama, alitazama tumbo tu.

"Bado. Nataka unizalishe nyumbani kwangu. Ila nina sharti."

"Mkunga hawekewi masharti, mwanangu."

"Leo atawekewa. Usije ukaniuliza lile swali."

Ungo ukasimama. Alijua vizuri mie ni mdogo wake nani. Akaniambia taratibu kwamba swali si lake, kalikuta kwa mama yake, na mama yake naye kalikuta kwa wakubwa zake. Asipouliza yeye, mama mkwe wangu atauliza. Na mambo yakiharibika, wataambiana kuwa mkunga kanifichia.

"Basi uliza," nikasema. "Ila uliza mapema. Njoo Ijumaa watu wakitoka msikitini. Mume wangu atakuwepo, mama mkwe atakuwepo. Niulizeni mbele ya wote, nikiwa na nguvu zangu na akili zangu, niwajibu. Halafu likome."

Akauweka ungo chini. "Una kichwa kigumu wewe."

"Hicho hicho ndicho kitakachonisaidia kusukuma."

Akacheka, bila kupenda. Tukakubaliana.

Jabiri, mume wangu, alikuwa kuli bandarini, mtu wa maneno machache. Nilipomweleza, chai ilimpalia. "Mke wangu aulizwe habari za wanaume barazani, mchana kweupe? Siwema, unanivua nguo!"

"Unataka niulizwe lini? Nikiwa nakata roho?"

Akasukuma kikombe pembeni. Baadaye akasema afadhali twende hospitali mjini. Nikamwambia sawa, nayo iwe kwenye mpango: Bi Kidawa akiona mtoto kakaa vibaya, jirani yetu Sadallah atatupeleka kwa lori lake. Mtoto akikaa vizuri, nazaa chumbani kwangu. Sadallah akaapa lori halitalala mbali. Nikafua kanga kuukuu, nikazichemsha, nikazianika juani. Nikanunua wembe mpya na uzi. Mafuta ya nazi nikakamua mwenyewe, kuni nikazipanga ukumbini mpaka Jabiri akawa anapita kiubavu.

Ijumaa wakaja. Mama mkwe, Bi Mwanabaraka, akakaa mkekani, kanga kaishikilia mdomoni. Bi Kidawa akaniuliza. "Siwema, kuna mwanamume wa kumtaja?"

"Hakuna. Na mwenye neno aseme sasa hivi, nipo."

Mama mkwe akasonya. "Watoto wa siku hizi hamna haya kabisa."

"Haya ninayo, mama. Ndiyo maana najibu nikiwa nimevaa nguo."

Jabiri akacheka, halafu akajifanya anakohoa.

Siku zikatimia. Bi Kidawa alinipapasa, akasema kichwa kiko chini, njia ni nzuri. Uchungu ukanianza alfajiri. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia, mtoto bado. Bi Kidawa alinitembeza chumbani, akanikanda kiuno kwa mafuta, akanipa chai ya tangawizi. Nililia, nilitukana, sifichi. Nilimtukana mpaka Jabiri aliyekuwa barazani hajui afanye nini na mikono yake.

Mama mkwe alikuwa anakwenda na kurudi mlangoni. Mwisho akashindwa. "Kidawa, muulize! Yatakuwa yale yale ya dada yake!"

Nawaambia kweli, mtu angeniinamia sikioni saa ile, ningetaja jina lolote, hata la Sadallah wa watu na lori lake. Nilikuwa nimechoka kiasi hicho. Hapo ndipo nilipowaelewa wote waliotaja.

Bi Kidawa hakugeuka hata. "Kaulizwa, kajibu. Nawe ulikuwepo. Njoo ushike goti hili, au utoke nje."

Nilidhani atatoka. Akaja akapiga magoti, akalishika goti langu kwa mikono miwili, akaanza kunisomea dua huku analia. Jua halijazama, mtoto akatoka. Msichana, mzima, sauti mpaka barabarani.

Mama mkwe alipokwenda kumpa Jabiri habari, Bi Kidawa akabaki anafunga kitovu. Alisema bila kuinua macho.

"Dada yako naye alinijibu hakuna. Nilimwamini tangu mara ya kwanza. Mtoto wake alikuwa kalala upande, na nilijua. Niliendelea kumuuliza kwa kuwa sikujua la kufanya jingine."

Ningekuwa na nguvu, ningempiga. Mikononi nilikuwa na mtoto. Sikumwambia nimekusamehe, maana sikuwa nimemsamehe. Nilimwambia, "Utayasema hayo siku ya saba, mbele za watu."

Kwetu siku ya saba mkunga ndiye anayemtoa mtoto nje na kumtaja jina. Uani palijaa wanawake, wali unanukia, mama yangu kakaa kule kule kwake, nyuma, karibu na mlango wa kutokea barabarani. Bi Kidawa akasimama kwenye kizingiti cha nyumba na mtoto. Nilidhani atanikimbia.

"Huyu ni Mwanaheri," akasema kwa sauti kubwa. "Ana jina la mama yake mkubwa. Mama yake mkubwa nilimuuliza, akanijibu hakuna, na alisema kweli. Mtoto alilala upande. Mie nilijua, nikanyamaza miaka yote hii."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama yangu akainuka, akapita katikati ya wanawake, wakampisha. Akampokea mjukuu wake, hakumwambia Bi Kidawa neno. Halafu akatafuta mkeka wa mbele kabisa, akakaa.