Sauti ya Kazini

Kazi yangu ni kuwapa watu pole kwa Kiingereza. Msinicheke, nalipwa. Kampuni yetu inapokea simu za wateja wa bima walioko ng'ambo: nyumba imeungua, begi limepotelea uwanja wa ndege, mume amefia likizoni. Wao wanapiga, sisi tunapoza.

Maneno yenyewe tumeshapangiwa kwenye kioo cha kompyuta, ya pole upande mmoja. Begi likipotea, unasema inconvenience, usumbufu tu. Nyumba ikiungua, unapanda daraja, unasema distress, yaani dhiki. Mtu akifa unasema loss, unanyamaza kidogo, halafu unaendelea. Usipojua shida iko kundi gani, difficult situation inafunika yote. Upande wa pili wa kioo ziko ahadi, nazo zina vyeo. I assure you ni ya kila siku, kama chumvi. I give you my word ndiyo kiapo kikubwa, na hairuhusiwi mpaka mteja alie au ataje wakili. Ukiitoa mapema, msimamizi anakuvuta pembeni kukuuliza umebakiza nini.

Mwanzoni nilikuwa naumia. Mama mmoja alinisimulia jinsi mbwa wake alivyoungulia ndani, nikalia naye mpaka wenzangu wakaniletea maji. Siku hizi mtu ananililia sikioni huku mimi nakata kucha. Si roho mbaya, ni ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu. Ofisini wananiita Barafu, na simu zangu ndizo wanazowasikilizisha wafanyakazi wapya wajifunze upole. Chekeni sasa.

Nikitoka kazini sitaki kusikia binadamu. Nina chumba changu kimoja, nakifunga, naweka chai, nakaa. Redio niliigawa. Watu wakiniuliza mbona siolewi nawaambia waume wanaongea, na hapo kwa kawaida maswali yanaisha.

Ndugu ninaye mmoja tu, mdogo wangu, fundi friji. Mama yetu alifariki nikiwa bado navaa sare za shule, na aliyemlea huyo bwana ni mimi: nilimpikia, nikamfulia, nikamfuata kwa walimu kila alipopigana. Kwa hiyo kulea nimeshalea, zamu yangu niliimaliza. Yeye naye ana binti, tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Mama wa mtoto aliolewa kwingine, na huko walisema wazi kabisa kwamba mtoto wa mtu hawamtaki.

Mwaka huu moyo wa mdogo wangu ukaanza kumgomea. Alikuwa akipanda ngazi na sanduku lake la spana, anakaa katikati, anapumua kama mzee. Daktari akasema lazima apasuliwe, na hakumficha kitu: anaweza kuingia na asitoke.

Siku ya upasuaji nilitoka kazini asubuhi, zamu zangu ni za usiku, nikaenda moja kwa moja hospitali. Wodi ilinuka dawa ya kupigia deki. Mdogo wangu alikuwa ameshavalishwa lile gauni la kufungwa mgongoni, miguu imetokeza, na kucha za mikono bado zina grisi. Chiriku alikuwa nje kwenye benchi, namsikia akimhoji mlinzi kuhusu viatu vyake.

"Dada," mdogo wangu akasema, "nisipotoka, utamchukua Chiriku?"

Nikamjibu papo hapo, wala sikufikiri.

"Naelewa kabisa hali ngumu unayoipitia," nikasema. "Nakuhakikishia tutafanya kila linalowezekana. Nakupa neno langu."

Laini, taratibu, sauti inashuka mwishoni, kama tulivyofundishwa. Ilitoka yenyewe. Nilikuwa nimeitafsiri kazi nzima neno kwa neno nikammwagia mtoto wa mama yangu.

Akanitazama weee, kisha akageuzia uso ukutani.

"Usinipe sauti ya kazini, dada. Mimi si mteja."

Nikakasirika. Nilitaka kumwambia sauti hiyohiyo ndiyo inayomlipia hicho kitanda, na kwamba mtu aliyekesha hajibiwi hivyo. Lakini akaendelea, akiongea na ukuta. Alisema hanilaumu. Jirani yake mwenye gereji alishamwambia kwamba yeye na mkewe wako tayari, wana watoto wa rika la Chiriku, nyumba ina nafasi. Nikiwa siwezi niseme tu, na undugu wetu hautavunjika. Ila alitaka kujua kabla hajaingia, maana hakutaka kulala usingizi wa daktari akiwa na ahadi asiyojua ni ya kweli au ya adabu.

Mlango wa kutokea ukawa umefunguliwa, tena na yeye mwenyewe. Nikakifikiria chumba changu. Nikamfikiria yule mtoto humo ndani, akiniuliza kwa nini chai inatoa moshi, kwa nini nalala mchana, kwa nini sina mume. Tangu siku ya mbwa wa yule mama nilikuwa sijahisi kitu kikali namna ile: niliogopa.

"Sitaki," nikasema.

Akafumba macho.

"Sitaki kulea tena. Nilikulea wewe nikachoka, na hakuna aliyeniuliza. Mwanao anaongea hata chakula kikiwa mdomoni. Sitaki kabisa. Na kwa jirani haendi. Atakaa kwangu."

Akageuka kunitazama. "Utamgombeza?" akauliza.

"Kila siku."

Akacheka mpaka akashika kifua, nesi akaja akatugombeza wote wawili kama watoto. "Sasa nimekusikia," mdogo wangu akaniambia, wakati wanamfungulia kitanda breki. Wakamsukuma, milango ya mpira ikajibamiza nyuma yao.

Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi. Chiriku akanipokea na habari zote: viatu vya mlinzi vilikuwa vya kaka yake, biskuti zimeisha, kuna bibi amepita analia. Nikamwachia aongee. Mimi sikuwa nahisi kitu. Nilijikagua ndani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, na sikukuta huzuni wala hofu, hata ile hasira ilikuwa imeshaondoka.

Halafu akaniuliza, "Shangazi, baba atapona?"

Maneno yakajipanga mdomoni, ya pole upande huu, ya ahadi upande ule. Yote nayajua, tena kwa ufasaha.

"Sijui," nikamwambia.

Akaninyamazia. Huyo mtoto, akanyamaza. Akasogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusana na langu, akabaki hivyo, anaitazama ile milango. Nikasubiri machozi, hayakuja. Sikusogea.